Unakula na Nani?

Kwako Dada Mkubwa,

Shikamoo, dada yangu. Natumaini barua hii itakukuta salama, mgongo umepoa, na watoto hawakupandishi presha kama ilivyo kawaida yao. Mama naye vipi? Macho yanaendeleaje, na yale matone anakubali kutiwa au bado anakukimbia nyumba nzima kama mtoto aliyeonyeshwa dawa chungu? Shemeji msalimie sana. Mwambie ile drafti aliyonifunga siku ninaondoka siihesabu, akili yangu ilikuwa imeshapanda ndege.

Mimi huku ni mzima. Nasema mzima kwa maana kwamba natembea, nala na nakwenda kazini. Mengine utayasoma huko mbele.

Najua utashangaa, zama hizi mtu anaandika barua. Lakini dada, simu yenu ina masikio mengi. Nikikupigia, mama anakaa ubavuni mwako, nawe unaweka sauti nje asikie vizuri, basi hata mpangaji wa uani ananiitikia salamu. Haya ninayotaka kukuambia si ya simu ya namna hiyo. Ndiyo maana nimempa huyu fundi wa majokofu anayerudi nyumbani, akukabidhi mkononi. Isome peke yako kwanza. Mama akiuliza nimeandika nini, mwambie nawasalimia wote, nawe utakuwa hujasema uongo.

Ni habari za Mzee. Yule Mzee ninayeishi naye, ambaye mama hakati simu mpaka amtumie salamu. Kama umesimama jikoni, epua sufuria kwanza, ukae. Mzee si mtu, dada. Mzee ni mbwa.

Haya, cheka umalize. Halafu utamkumbuka marehemu baba, aliyekuwa akisema mbwa ana kazi yake na kazi yake iko nje, na mbwa aliyevuka kizingiti alikutana na fagio. Leo kitindamimba wake anamlaza mbwa ndani, tena kwenye zulia, pembeni ya kitanda. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Ilianza hivi. Chumba changu kiko ghorofa ya juu kabisa, na chini aliishi mwenye nyumba, bibi mmoja mjane. Magoti yalipomshinda akaniomba niwe namtembezea mbwa wake asubuhi kabla sijaenda kazini. Nilikubali kwa sababu kumkatalia mtu wa umri ule sikuweza, mama hakunilea hivyo. Siku ya kwanza nilishika kamba kwa mbali kama niliyeshika nyoka. Mbwa mwenyewe alikuwa mkongwe, mdomo umejaa mvi, anatembea huku anapumzika, anakohoa kama mzee anayetaka watu wanyamaze azungumze. Kwa hiyo nikawa namwita Mzee. Jina lake la kwao lilinishinda kulitamka.

Dada, hapa mtaani nilikuwa nimekaa miaka na hakuna aliyewahi kuniamkia. Si kwamba ni watu wabaya. Kila mtu ana haraka yake na mlango wake. Lakini nilipoanza kutoka na Mzee, wakaanza kusimama. Wanainama, wanamsalimia mbwa, wanamuuliza ameamkaje, wanamkuna masikio, kisha wanaendelea na safari. Mimi nimeshika kamba tu hapo kama nguzo. Mwanzoni niliudhika. Baadaye nikawa najibu kwa niaba yake, kwamba ameamka salama, anashukuru, na nyinyi je? Ikawa ndiyo mazungumzo yangu ya siku.

Maana kazini hakuna mazungumzo. Unajua ninakofanya kazi, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Mashine zinanguruma kutwa, na shuka likitoka kwenye joto linakunjwa na watu wawili. Mwenzangu ni mama mmoja wa makamo, mgeni kama mimi lakini wa kwingine kabisa, na hatuna hata lugha moja tunayoijua sote. Tunashika pembe, tunavuta, tunasogeleana mpaka vidole vinagusana, tunarudi nyuma. Ndivyo hivyo mpaka jioni. Neno pekee kati yetu lilikuwa unywele wa Mzee, kwa sababu kila asubuhi mama yule aliuona mmoja kwenye mkono wa shati langu, akautoa, akanionyesha, tukacheka kidogo.

Bibi wa chini alipozidiwa, wanawe walikuja wakamhamishia kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huko mbwa haruhusiwi. Wanawe nao hawakumtaka, kila mmoja alimtazama mwenzake. Wakasema watampeleka mahali wanakokusanywa mbwa wasio na wenyewe. Mzee alikuwa amelala pale mlangoni, na mbwa wa umri ule, dada, akipelekwa huko nani atamchagua? Nikajisikia nasema nitamchukua mimi. Hata sijui nilisema kwa lugha gani.

Sasa uongo uliingiaje? Unakumbuka swali la mama. Tangu nilipofika huku, kila simu lazima aulize, "Unakula na nani?" Haulizi ninakula nini. Kwake yeye chakula cha mtu mmoja si chakula, ni dawa. Na kila mara nilipomjibu kwamba nakula mwenyewe, alisema rudi nyumbani mwanangu, na simu ikaishia kwenye kilio. Wewe ulikuwa unaipokea na kuniambia usijali, atanyamaza. Nami nabaki na sahani yangu mapajani.

Basi siku moja tunaongea, Mzee akakohoa kile kikohozi chake. Mama akauliza ni nani huyo. Nikasema ni Mzee. Mzee gani? Nikasema ni mzee mmoja ninakaa naye hapa, hana mtu, watoto wa nyumba yake wamemkataa. Hapo sijadanganya, au siyo? Nilikuwa natafuta namna ya kumalizia sentensi, nikamsikia mama anashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Akasema Mungu mkubwa, kumbe mwanangu ana mtu wa kula naye. Siku ile hakulia. Nikaumeza ulimi wangu, dada, na nisingeutapika hata kwa dawa.

Baada ya hapo unayajua, maana ulikuwepo. Mama akaanza kutoa amri. Mzee asipewe chakula cha jana. Mzee atangulizwe kula. Mzee akandwe magoti kwa mafuta ya vuguvugu kila jioni, nami nikamkanda, na nakuapia alianza kupanda ngazi mwenyewe. Watoto waliomkataa mama aliwasonya mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Akaniagiza nimwamkie kila siku kabla sijatoka, maana mzee hapitwi bila shikamoo. Hilo nililikwepa. Kumkanda mbwa sawa, lakini kumpa mbwa shikamoo? Niliona baba atafufuka.

Na lile sweta. Wewe ndiye uliyemnunulia sufu, wewe ndiye uliyekuwa unamtafutia mishono iliyomponyoka, na ulininung'unikia kwamba mama hajashika sindano za kufumia tangu msiba wa baba, leo amekumbuka kwa ajili ya mzee wa watu asiyemjua. Lilipofika nililishika muda mrefu. Mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, kola imepinda, unaona kabisa palipomshinda macho. Nilimvalisha Mzee, miguu ya mbele nikaipitisha mikononi. Nilidhani atalikataa. Alilinusa, akajilaza nalo, na tangu siku hiyo baridi ikianza alikuwa anakwenda mwenyewe kulala juu yake.

Usinione mjinga nikikuambia kwamba nikirudi kutoka kazini nilikuwa napiga hodi. Mtu hapigi hodi kwake, najua. Lakini nilipiga, na nikasikia mkia unagonga sakafu ndani, tap, tap, tap. Basi nimekaribishwa, naingia. Tulikula pamoja, yeye na bakuli lake na mimi na sahani yangu, sote chini kwenye zulia. Nilimsimulia habari za kutwa nzima kwa Kiswahili. Alikuwa anaelewa njoo, ngoja, na kula. Kwa hiyo sikumdanganya mama kote kote. Nilikuwa na mtu wa kula naye.

Ila uongo hauendi bure. Mwaka jana nilipopata likizo nilimwambia mama nakuja. Nilikuwa nimeshampata mtu wa kukaa na Mzee. Nilitegemea vigelegele. Mama akasema, "Usimwache mzee wa watu peke yake. Mimi nina dada yako. Yeye ana nani?" Yaani mama, aliyekuwa akinililia nirudi, akanikataza kurudi! Nami ningeweza kusema pale pale, mama, huyu ni mbwa. Sikusema. Niliogopa nikisema, ataanza tena kulia kila wiki. Basi nikabaki, na tangu siku hiyo mama hajaniambia rudi hata mara moja. Hujui ninavyolitamani neno hilo, dada. Wakati ule nililiona mzigo.

Sasa nifike ninapopazunguka. Mzee hayupo.

Miguu ya nyuma ilianza kumwishia. Nikawa nambeba kumshusha ngazi na kumpandisha, nao wanaomsalimia wanamsalimia akiwa mikononi mwangu. Asubuhi moja nilimwekea chakula, akakitazama, akanitazama mimi, akaweka kidevu chini. Nilikaa naye. Sahani yangu nayo niliiacha. Nikamfunga kwenye sweta la mama nikampeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari alimpapasa, akasema hakuna la kufanya zaidi ya kumpumzisha asiumie. Akauliza kama nataka kusubiri nje. Nikasema hapana, kwetu mtu hafi peke yake. Nikapiga magoti nikamsogelea sikioni. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, yote yakapotea, nikasikia linatoka moja tu.

"Shikamoo, Mzee."

Mkia ukagonga meza mara moja. Basi.

Watu husema mnyama hufa, hafariki. Wewe uliyemaliza shule sema utakavyo, mimi huyu kwangu amefariki. Walimchukua wakamzike na sweta lake, niliomba wasimvue. Nikarudi kwa miguu na kamba mkononi, njia ile ile. Nilikutana na wale wale wanaomsalimia kila siku, wakanipita. Hawakuwa na ubaya. Hapakuwa na wa kumsalimia. Nikafika mlangoni, nikapiga hodi kwa mazoea, nikasimama pale nikingoja nisijue nangoja nini.

Nilifagia, nikafua kila kitu. Kazini, mama yule wa mashuka alinishika mkono wa shati akatafuta unywele. Akatafuta na mkono wa pili. Hakuona. Akanitazama, nikatikisa kichwa. Shuka lile tulilikunja vibaya, ikabidi tulikunje upya, na ndiye mtu pekee huku ambaye ninaweza kusema alinipa pole.

Nyumbani akifariki mtu, hata kuku wa jirani wanajua. Watu wanakuja, wanakaa, wanasema pole, wanachemsha chai, wanakulazimisha kula. Mimi nimebaki na msiba wangu mdomoni, sina wa kumpa hata kipande. Siwezi kumwambia mtu mzima kwamba nimefiwa na mbwa. Lakini nimefiwa, dada. Na nimechoka. Nimechoka kula nikitazama ukuta.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Mwambie mama Mzee hayupo tena. Mwambie alifia mikononi mwangu, na alizikwa na sweta lake, na mafuta yalimsaidia sana magoti. La mbwa liache. Hilo nitamwambia mwenyewe uso kwa uso, nalo fagio liwe karibu, anichape kwa niaba yake na ya baba.

Nakujua utamkalisha kwanza, umnyweshe chai, ndipo umwambie. Atalia, maana alishamfanya ndugu. Kisha atataka simu. Mpe, dada, halafu utoke nje kidogo, usisimame mlangoni kama kawaida yako. Ataniuliza swali lake lile. Miaka yote hii nilikuwa naliogopa, sasa nalingoja kama mgonjwa anavyongoja zamu yake. Nitamwambia kweli. Sili na mtu, mama. Na akisema rudi, safari hii sitakuwa na mzee wa kumsingizia.

Nisalimie watoto wote, wakubwa kwa wadogo, na mpangaji wa uani naye asijione amesahaulika. Shemeji aipange drafti upya. Na mkikaa kula msikazane sana kwenye sinia, acheni upenyo wa mtu mmoja upande wa mama.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba