Bei ya Kushikwa Mkono

Hopkins, Jumamosi, Februari 2007

Theluji ya leo si nyeupe tena. Imekuwa ya kijivu, imechanganyika na chumvi na matope ya barabarani, na mimi moyoni niko hivyohivyo. Nina dharau. Mwalimu wangu wa kipaimara anasema dharau ni dhambi, kwa hiyo naimwaga hapa, shajara, niipunguze kabla ya ibada ya kesho.

Leo tumempeleka Bibi kuangalia makazi ya wazee.

Wazo ni la Mjomba Elibariki, kaka yake Mama. Tangu Bibi asahau sufuria jikoni mpaka kengele ya moshi ikawatoa watu wa jengo zima nje kwenye baridi, Mjomba anasema haiwezekani aachwe peke yake mchana. Hapo amesema kweli. Mimi niko shule, Mama yuko kazini. Na kazi yenyewe ya Mama ni kuwaogesha na kuwalisha mama za watu katika nyumba ya aina hiyohiyo. Alisema tu, "Nendeni mkaangalie, mimi nina zamu," akaendelea kufunga kamba za viatu.

Mahali penyewe ni Woodbury, si mbali na kwa Mjomba. Ukumbini pana moto unaowaka bila kuni, na bakuli la matufaha. Nilipogusa moja nikakuta ni la plastiki. Kijitabu chao kimejaa wazee wanaocheka. Wanacheka nini? Labda hawajaletewa ankara.

Mwanamke aliyetutembeza alikuwa na tabasamu ambalo halikushuka hata alipopiga chafya. Alitutajia kwanza kodi ya chumba, na Mjomba akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezoea. Halafu ipo ada ya jumuiya, inalipwa mara moja na hairudishwi. Ada ya jumuiya! Jumuiya ninayoijua mimi ni watu wanaokuja Alhamisi kusali sebuleni kwetu na kumaliza chapati za Mama, na hakuna aliyewahi kutozwa.

Kisha akaja muuguzi, kupima Bibi anahitaji kusaidiwa kiasi gani. Mimi nikawa mkalimani. Je, angependa kusaidiwa kuvaa asubuhi?

Bibi akaweka mkono kifuani. "Mwambie asante sana. Mungu ambariki."

Angependa kukumbushwa dawa? "Asante, mwanangu." Kushikwa mkono kwenda kula? "Jamani! Mwambie huyu kalelewa."

Bibi yangu huvaa mwenyewe, na kilemba chake hukifunga bila kioo. Dawa zake huzikumbuka kuliko ninavyokumbuka funguo zangu. Sufuria ndiyo humpotea. Lakini leo alikuwa mgeni, na mgeni hasukumi mkono wa mwenyeji. Ukikaribishwa chai, hata kama umeshiba, utaonja. Ndivyo alivyomlea Mama, na ndivyo Mama alivyonilea mimi. Kwa hiyo nilitafsiri kila asante, na kila asante muuguzi akaitia alama.

Alama zilipojumlishwa, huduma zikawa ghali kuliko chumba.

Kukumbushwa kidonge kuna bei. Kufungwa kifungo kuna bei. Kushikwa mkono kutoka mlangoni hadi mezani kuna bei. Na kwa kuwa Bibi hajakaa nchi hii miaka ya kutosha kusaidiwa na serikali, yote yangetoka mifukoni mwetu. Nikamfikiria Mama. Mkono wanaouza ni mkono kama wake, na mwenye mkono hurudi nyumbani kwa basi.

Ndani ya gari Mjomba alinigeukia kwa Kiingereza. Kiingereza chake hutoka akikasirika, au asipotaka Bibi asikie. Kwa nini sikumwambia Bibi aseme hapana? Nilidhani ule ni mchezo?

Kwa kawaida sisi watoto tunasemeshwa Kiswahili na tunajibu Kiingereza. Leo niligeuza.

"Nilitafsiri alichosema, Mjomba. Kila alichoitikia kinalipiwa."

Kisha Bibi, kutoka kiti cha nyuma: "Yaani yule binti wa maswali alikuwa anauza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi nilidhani ni mwenyeji." Akafikiri mpaka taa za barabarani zikabadilika. "Wakati wa kutoka alinishika mkono. Na huo mtalipa?"

Nilicheka. Mjomba hakucheka.

"Elibariki."

"Naam, Mama."

"Kile chumba chako kando ya sebule, chenye baiskeli isiyokwenda popote. Baiskeli inakulipa kodi?"

"Mama, mambo ya huku ni tofauti."

"Nimekuuliza baiskeli."

Naandika wazi, maana kwenye kikao cha familia watoto hatusemi. Mjomba hufanya kazi mchana, mke wake jioni. Nyumba yao haikai tupu hata saa moja. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao cha kuamua Bibi akae wapi, akatuambia kwa sauti ya msibani kwamba kwake nafasi ni finyu. Nafasi! Nyumba ile ina chumba cha viatu.

Alitushusha bila kuzima gari.

Jioni hii Mama amerudi, na kabla hajavua koti simu ikalia. Alikuwa Mjomba. Hakuomba radhi wala hakutaja baiskeli. Aliuliza tu kitanda cha Bibi kina upana gani. Mama aliweka simu chini, akakaa kwenye kiti cha mlangoni na koti lake, akacheka mpaka akafuta macho.

Mimi sijamsamehe. Hilo litasubiri kesho kanisani, na hata kesho siahidi. Matufaha ya plastiki siyasamehe kabisa.

Lakini nimechukua tepu ya kupimia, nikaingia chumba tunacholala mimi na Bibi. Nilipoanza kuivuta juu ya kitanda, akashika ncha ya pili bila kuombwa, na hakuna aliyetia alama popote.