Kadi ya Busisiwe

Jumatatu, 4 Agosti
Nesi Palesa kapiga simu. Eti nimwambie Busisiwe aje Alhamisi, kipimo cha mlango wa kizazi kina dalili mbaya. Nikajibu, sawa sista.

Busisiwe hajapimwa! Ni kadi yake tu, yeye mwenyeji alituazima. Siku ya kambi ya upimaji pale kliniki Chenai aliingia nayo, akapimwa, akamrushia Mama Anesu kwa dirisha la choo, naye akaingia foleni ya pili. Sisi Wazimbabwe bila kitambulisho cha nchi hii, wale vijana wanaozuia wageni getini hawatupitishi. Mimi mhudumu wa afya niliona, nikanyamaza. Sasa mmoja wao anaumwa. Yupi? Simu ni moja tu; wenye majibu mazuri hawapigiwi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimewaambia wote wawili, jikoni kwa Chenai. Sadza, ugali wetu, ikapoa. Chenai kalia. Mama Anesu kacheka, kicheko cha woga — mgonjwa ni huyu kimbaumbau, mimi si mnaniona nilivyonona? Chenai akamwambia, koma wewe!

Mlangoni Mama Anesu akaninong'oneza: kama ni mimi, mtoto atanyonya nini?

Jumatano, 6 Agosti
Busisiwe kaja juu. Saratani imeandikwa kwa jina lake! Katwaa kadi yake, hataki mkosi. Nikambembeleza, dada, siku moja tu. Wapi! Ana haki, wakigundua watamkamata yeye.

Na mimi je? Kibali changu kinaisha Desemba. Nikisema kweli, nesi akaita polisi, tumekwisha. Nisiposema, mmoja anakufa taratibu huku namwona. Naogopa.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumewahi kabla vijana wa getini hawajafika. Tuko kwenye benchi la kliniki, mimi katikati. Tumekubaliana: naingia peke yangu kwanza, namweleza nesi. Wao wasiseme neno, wasinyanyuke. Naandika ili mkono usikae bure.

Mama Anesu kanifinya paja. Mlango umefunguliwa. Nesi Palesa ana faili mkononi. Nyuma yake kuna mlinzi — labda anapita tu, sijui. Nesi anaita: Busisiwe Mahlangu!

Wameinuka wote wawili.