Honorine alisafisha kitabu ya prof

Chilufya, acha ile kazi usome. Honorine, mwenzangu wa kazi ku biblio, maktaba yetu, iko analia hapa mbele yangu.

Unajua ile kitabu kubwa ya dawa za miti, ile bainfirmier, bauguzi ba Kambove, banatupigiaka simu juu yake mbele ya kupa mugonjwa dawa? Honorine njo alipiga picha kila karatasi, akaiweka en ligne, ku internet.

Marge zote, pembeni ya karatasi, zilijaa crayon, maandiko ya kalamu ya risasi ya marehemu prof Mwansa. Honorine aliona ni buchafu. Akafinya ku mashini « nettoyer », ni kusema safisha. Nettoyer, Chilufya! Na sisi bote ba zamani tunajua: usiamini wino, soma kwanza crayon ya prof, njo inasahihisha!

Kitabu ikatoka mweupe kama robe ya mutoto wa première communion ku kanisa. Karatasi za kitabu yenyewe akapatia mama wa kalanga afungie nazo kalanga, vile tunafanyaka siku zote.

Leo saa sita Honorine ananunua kalanga kwake. Anamaliza kula, anakunjua cornet, anaona ile crayon: « Kijiko moja, hapana tatu. Mutoto alikufa. »

Moja, hapana tatu! En ligne iko tatu!

Akakimbilia mama: « Karatasi zingine ziko wapi? »

Mama akacheka: « Mwanangu, bantu balishakula, balitupa. »

Tumefunga ile site sasa hivi. Compteur inasema bantu mia mbili na sita balishaisoma.

Honorine iko ananyoosha ile cornet na kidole, pole pole. Anauliza kintu moja tu, anarudilia:

« Crayon zingine zilikuwa zinasema nini? »