Sikio la Kanisa, Sikio la Wazee

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Masikio tena! Daktari wetu Mzungu amenung'unika asubuhi yote. Kwao, wakati wa vita, alikuwa akiwatengenezea pua mpya marubani walioungua. Hapa Nakuru kila mtu anataka ashonewe masikio yaliyotobolewa yakavutwa mpaka mabegani. Mimi dresa wake, mfunga vidonda, nashika taa.

Wa mwisho — Mzee Kosgei wa Mau Narok. Babake Jeruto wangu! Pasta amesema haingii kanisani na matundu yale. Tumemshona vizuri. Tarehe kumi na saba naoa!

Jumatatu, 12 Agosti

Nyuzi zimetoka. Mzee amejiangalia kwa kioo, akasema amekuwa kijana. Ila kikopo cha ugoro kilichokuwa kikining'inia sikioni hana tena pa kukitundika, anatembea nacho mkononi.

Jumatano, 14 Agosti

Balaa. Kikao cha mahari kimevunjika. Wazee wa ukoo wamemwangalia Kosgei masikio, wakasema mtu asiye na matundu ni mtoto, na mtoto hawezi kuoza msichana. Wamemnyima pombe. Wamemkalisha na watoto! Jeruto amenieleza huku analia, halafu akashikwa na kicheko. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 15 Agosti

Mzee amerudi, anataka yafunguliwe. Daktari amekasirika mpaka shingo nyekundu: amesoma miaka yote ile kuziba, si kufungua alichoziba. Pasta naye kafika na baiskeli, kasimama mlangoni. Yakifunguliwa, hakuna harusi. Wazee wameketi nje kwa nyasi. Yasipofunguliwa, hakuna msichana.

Nikaropoka: fungueni moja. La kushoto la wazee, la kulia la kanisa. Nilitaka kuoa tu jamani!

Wamekubali. Wote! Harusini Pasta atakaa kulia kwa mzee, wazee kushoto, na mzee ameonywa asigeuze kichwa. Daktari ameuliza ni kitabu gani cha udaktari kina mambo haya. Halafu akavaa glavu.

Ijumaa, 16 Agosti

Sikio la Kosgei liko wazi, limefungwa bendeji. Wazee wamekuja kulikagua, wameridhika. Nikapumua. Mapema mno.

Mzee akanikazia macho. Mimi nimezaliwa misheni, masikio yangu hayajawahi kuguswa. Akasema kwa upole kabisa, "Jonah, kama mimi nilikuwa mtoto, wewe ni nini?"

Hakuna aliyenitetea. Daktari, ambaye sijawahi kumwona akitabasamu, amechemsha vyombo mwenyewe, anapiga mluzi. Pasta amekubali sikio moja tu.

Naandika kwa penseli nikiwa nimeketi kwenye meza ya upasuaji. Naogopa, kusema kweli. Na mimi ndiye huwaambia wagonjwa wote haiumi!

Lipi litobolewe, wamemwachia Jeruto achague. Ananizunguka. Ameangalia kushoto. Ameangalia kulia. Sasa anauliza kama kuna ulazima liwe moja —