Majivu katika sanduku la phonie

Kibabi, mwezi wa ine 1969

Mwanangu Séraphin,

Mungu akuchunge huko Mpofi. Uko muzima kweli, ao unakaza roho tu? Unakula? Kifua chako kinaendelea namna gani na mvua ya Walikale? Sisi tuko, ila maharage yanaoza kwa mvua. Dada yako Sidonie amezaa mutoto mwanaume mwenye sauti kubwa kama ya babu yako.

Annonciata, yule infirmière anayetunza wagonjwa, aliyeungua siku phonie uliyoitengenezea dispensaire, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, ilipowaka moto, mukono wake unapona, lakini vidole viwili havikunjike. Ninamupelekea maziwa, ananishukuru. Anasema eti mutoto wangu ana mikono ya kushika jembe, si ya kushika courant ya umeme, kisha anacheka ili nisiumie. Na mimi ninacheka.

Grégoire, mwenzako wa kazi kule atelier, alipita hapa. Alisema inspecteur ameandika kwamba zile plaque tatu za chuma ndani ya phonie ulizipanga karibu sana, courant ikaruka kutoka moja mpaka ingine. Akasema wewe mwenyewe umekubali kosa, umeacha kazi, unalimia watu mihogo. Mwanangu, kwa nini ulikubali? Nilikuona ukipima na kupima tena. Ulinieleza hata kwamba ile nafasi tupu kati ya plaque njo inachunga watu, kitu chochote kisiingie pale. Mimi nilikuwa ninakuangalia tu kwa furaha, maneno yenyewe sikuyashika.

Sasa nivumilie. Ulipokuwa Goma, nilikuwa ninafagia dispensaire, nikaona mende zinaingia mu sanduku la phonie. Niliogopa zitakula kazi yako, watu wakucheke. Nikachota majivu ya jikoni, nikajaza zile nafasi zote, vile tunavyochanganya na maharage ili wadudu wasiyatoboe. Yalikuwa makavu kabisa. Kisha ukungu ukaingia siku nzima, na asubuhi Annonciata akawasha phonie.

Grégoire alisema walikuta majivu ndani, wakafikiri ni ya ule moto. Nikamuuliza, kama mutu anayeuliza tu, kama majivu yaliyolowa yanaweza kupitisha courant. Akasema yanapitisha sana. Nikainama, nikajifanya ninachambua mboga.

Ni mimi, Séraphin. Wewe haukukosea kupima. Mukono wa Annonciata, ni mimi niliuchoma, na nimekuacha ubebe aibu yangu kwa sababu niliogopa kufukuzwa na kuonwa mujinga.

Kesho nitamwambia Annonciata. Nimeandika kwako kwanza, kwa sababu nikiona vile vidole ninaweza kunyamaza tena. Barua hii umupelekee inspecteur, aisome yote. Usinifiche. Kama hautaki kunijibu, nitaelewa, lakini rudia kazi yako.

Sidonie anakusalimu, na Papa yako pia. Yeye hajajua bado; nitamwambia leo akishakula.

Ni mimi mama yako,
Mukashema Rosalie, mufagiaji wa dispensaire ya Kibabi. Nimeandika jina lote ili wasitafute mwingine.