Vidude vya Achieng Sasa Vinaongea

Mama mkwe wangu mpendwa,

Nimeketi hapa nyuma ya nyumba yako, mtaa wa Manyatta, Kisumu, pale ulipopenda kuchambulia visamaki vyako vya omena, na nina habari njema ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu. Mjukuu wako Achieng yuko chuo, Nakuru. Ndiyo, yule yule. Anakula huko, analala huko, na mimi huku napata usingizi. Najua ungeniuliza, "Na nani anamshika shingo?" Ngoja nikueleze polepole.

Unakumbuka alipopatikana na ugonjwa wa sukari, hata nasari hajamaliza. Daktari akasema mwili wake hautengenezi insulini, kwa hivyo atadungwa kila siku ya maisha yake. Mimi nikashika sindano na kile kimashine cha kutoboa kidole. Wewe ukashika njia yako: kila ulipompita ulimwekea kiganja nyuma ya shingo. Ukikuta jasho la baridi, ulijua sukari imeshuka, na kijiko cha sukari kikaingia mdomoni. Hukukosea mara nyingi. Shida ni kwamba sisi wawili tulikuwa hatuongei.

Si eti tuligombana. Kwetu nilifundishwa kwamba mke hapayuki mbele ya mama mkwe wake, na wewe ulifundishwa kwamba mama mkwe hamfuati mtu jikoni. Basi maneno yote yakapitia kwa mtoto. "Mwambie mamako chumvi imezidi." "Mwambie Dani chai iko tayari," Dani ukiwa wewe, nyanya yake. Achieng alikimbia kati ya sebule na jikoni kama mtu wa posta. Wewe ukihisi kitu, mimi sijui. Mimi nikidunga, wewe hujui.

Halafu ikaja ile Jumapili ya mchungaji. Kuku ameiva, ugali umeshapinduliwa kwenye sahani, nikamdunga Achieng insulini ya chakula, ile inayoshusha sukari ya mlo, kwa sababu niliona tunakula sasa hivi. Sikujua kwamba huko sebuleni umeshasema hakuna mtu wa kuonja kitu mpaka mchungaji afike aombee. Na mchungaji bado alikuwa Kondele anasalimia watu. Wewe unajua vile alikuwa anasalimia.

Achieng akatumwa huku, akatumwa kule. Mwisho akasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mama, Dani amesema..."

"Amesema nini?"

Akaniangalia kama mtu asiyenijua. Ujumbe ulikuwa umempotea, akaegemea mlango asianguke. Nikapaza sauti, mara ya kwanza tangu niolewe hapa:

"Mama! Huyu amekula chochote huko?"

"Bado! Si tunangoja mchungaji!"

"Nimeshamdunga!"

Ulikuja mbio, leso ikabaki kwenye kochi. Mkono shingoni. "Amelowa! Nyar Alego, leta soda!"

Nyar Alego. Binti wa Alego. Hukuwa umewahi kuniita kwa jina la kwetu. Mpaka siku hiyo nilikuwa "mamako" tu. Soda ikamwingia, macho yakarudi. Mchungaji alipofika alimkuta anatafuna paja la kuku, na wewe bila aibu ukamwambia, "Baba, hilo paja limeshaombewa. Wewe ombea haya yaliyobaki." Alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa na kelele tamu. "Mama, shingo?" "Kavu." "Nidunge?" "Ngoja sahani ifike mbele yake kwanza." Wewe ukihisi, mimi nikidunga, na mtoto akakua katikati yetu.

Ulipotuacha niliona mkono wangu hauna ujuzi wa wako. Ndipo binti yako aliye ng'ambo akatuletea pampu. Ni kidude kama simu ya zamani, Achieng anakivaa kiunoni, na kinamtilia insulini kidogo kidogo kwa kijimrija. Baba yake naye akanunua Nairobi kihisi, kitu kama kifungo cha koti, kinabandikwa mkononi, kinasoma sukari na kutuma namba kwenye simu. Nilifurahi, Mama! Kabla hata hatujavifungua nilishasimama kanisani nikatoa ushuhuda, kwamba hivi viwili vitamlinda mtoto wangu vyenyewe.

Tukafungua. Pampu haikukitambua kile kihisi hata kidogo.

Muuguzi wa kliniki akaniambia, "Mama, hakuna kilichoharibika. Si kila kihisi kinaongea na kila pampu. Hivi vyenu havikutengenezwa kuongea. Itabidi Achieng asome namba kwenye simu, halafu yeye mwenyewe aiambie pampu."

Achieng akacheka. "Mama, si ni wewe na Dani kabla ya ile Jumapili! Na mimi tena ndio posta."

Nilicheka pia, lakini moyo wangu ulirudi kwenye mlango wa jikoni. Na posta akichoka? Akisahau ujumbe akiwa mbali, pasipo mtu wa kupaza sauti? Alipoitwa chuo Nakuru nikasema hapana, atasoma hapa Kisumu. Alijifungia chumbani, na hilo liliniuma kuliko kama angebishana nami.

Na ningemwambiaje shangazi yake? Mtu amekubebea zawadi kutoka mbali, useme haielewani na ya nyumbani? Nikabaki kuomba tu. Kumbe Achieng alimpigia mwenyewe, akaiweka simu kwa sauti. Binti yako amechukua mdomo wako wote: "Kwani mbona hamkusema? Mnataka niote?" Akatafuta vihisi ambavyo pampu ile inavijua, akavituma na mama mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani.

Sasa vinaongea, ndipo nikamwachilia aende Nakuru. Sukari ikianza kushuka, pampu inapunguza insulini, au inasimama kwanza. Ikipanda, inaongeza kidogo. Namba hizo naziona hata mimi kwenye simu yangu, nikiwa kibandani kwangu kwa biashara. Chakula tu ndicho lazima Achieng aiambie, kwa sababu haijui kama mchungaji amechelewa. Vihisi navyo vina muda wake, vikiisha tunatafuta vingine, na hilo namwachia Mungu ambaye ametufikisha hapa.

Juzi alikuja nyumbani, mchana akalala kwenye kochi lako. Nikapita, nikamwekea kiganja nyuma ya shingo. Bila kufungua macho akauliza, "Kavu, Mama?"

"Kavu."

Akainua simu nione. Namba ilikuwa nzuri.

"Basi mmekubaliana," akasema, akageukia ukutani akaendelea kulala.

Pumzika, Mama. Mkono wako ulifanya kazi yake. Asante, ero kamano.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Nyar Alego