Umrudishie Zuhura Waya Wake

Muskati

Baba yangu,

Shikamoo. Goti limetulia? Na ile dawa ya kuchua niliyompa mdogo wako, Ami Kheri, akuletee, unaitumia au umeiweka kabatini kusubiri goti la mgeni? Mie mzima, alhamdulillahi. Chumba cha kufulia mashuka ya hoteli hakina hata dirisha, na joto la huku halina adabu, lakini nshalizoea.

Nnakuandikia kwa kalamu maana kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema moja, wewe ushasema kumi na simu ushakata.

Ijumaa iliyopita nilikaa mbele ya kompyuta baada ya sala ya alasiri, kama kawaida yangu, nikimsubiri mdogo wangu Zuhura tucheze mchezo wetu wa vita. Hakutokea. Nikampigia, akanambia kwa sauti ndogo, "Baba kachomoa waya wa intaneti kaufungia. Kasema ni mchezo wa kitoto, na mtoto wa kike hapigani vita."

Hapo sikubaliani na wewe, Baba, na nnakwambia nikiwa na adabu zangu zote.

Wewe unacheza bao barazani tangu sijazaliwa. Kete zile zile, mashimo yale yale, na hakuna aliyekwambia ukue. Ukiulizwa vipi hulichoki, husema, "Bao halijirudii." Basi na bao letu la kwenye kompyuta halijirudii. Humo tuna mji tuliouanza na kisima kimoja na mbuzi, leo una soko na ukuta. Ukikata msitu wote, mafuriko yatakufuata baadaye, na huna wa kumlaumu. Michezo ya kukimbia na kufyatua risasi niliicheza nikaimaliza, nikaisahau. Huu unanipa kosa langu mwenyewe niende nalo kazini, nikunje nalo mashuka, mpaka nilipatie dawa.

Na humo kila mtu huchagua awe nani. Zuhura ni amirijeshi. Mie ni mganga tu, nnawafunga wenzangu majeraha. Mchana kutwa huku naitwa "wewe wa mashuka". Jioni ya Ijumaa naitwa kwa jina nililojichagulia. Kama huo ni utoto, basi mie mtoto na sitaki kukua.

Juzi juzi, kabla hujauchomoa waya, tulivamiwa mchezoni. Nikarundika askari na nafaka zote ndani ya mji mkuu, kama mtu anayeng'ang'ania nyumba ya bao, lile shimo lenye kete nyingi. Adui akauchukua mji na vyote vilivyomo. Zuhura alicheka mpaka akakohoa.

"Kaka, umecheza kama Ami Kheri. Nyumba hiyo Baba angeila huku anakunywa kahawa."

Nikamuuliza hayo kayajulia wapi. Dirishani, Baba. Miaka yote akikuleteeni kahawa barazani, mkimrudisha ndani, alikuwa akisimama nyuma ya dirisha akiitazama mikono yako. Mji wetu kaukomboa kwa mbinu zako. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu umemlea na bao.

Waya huo umeninyima ndugu yangu. Kwenye simu tunaulizana umekula nini, khalas. Mchezoni tunagombana, tunapatana, tunacheka kama tuko ukumbini kwetu. Nimeumia, Baba, sitakuficha.

Sitaacha kucheza, wala sitamwambia Zuhura aache. Nnataka kitu kimoja tu. Mweke Zuhura mbele ya bao, pale pale barazani, ucheze naye kweli bila ya kumwachia. Ukimfunga, waya ubaki ulipo na mie sitatia neno. Akikufunga, umrudishie mkononi mwake, mbele ya wenzako wote.

Nisalimie Mama, mwambie achari yake imefika na wenzangu wa chumbani washaimaliza. Nisalimie Bibi, mama yako, aniombee dua. Na Ami Kheri mpe salamu zake, umwambie siku hiyo kahawa ataileta yeye. Zuhura atakuwa amekaa.

Mwanao akupendaye na asiyekubali,
Masoud